Upinzani wa wabunge saba: miaka mitatu ya Annastacia Palaszczuk kule Queensland

MsafiriKusini (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita tulikuwa msibani kwa ndugu mmoja Mkongo hapa Brisbane. Wanaume tuliokaa nje tukaingia kwenye siasa, na kijana mmoja akasema mbunge wa upinzani ni mtu wa kupokea mshahara tu, hana cha kufanya mpaka siku chama chake kitakapoingia madarakani. Sikutaka kubishana msibani. Nimekaa na neno lile siku nne nzima, na leo nimeona nilete habari ya mama mmoja ambaye nimemfuatilia kwa miaka mingi, kwa kuwa alikuwa mbunge wangu.

Naanzia usiku wa tarehe 24 Machi 2012. Chama cha Labor kilikuwa kimeshika serikali ya jimbo letu la Queensland, hapa Australia, tangu 1998. Usiku ule kura zilipohesabiwa, kikabaki na viti 7 katika bunge la viti 89. LNP (Liberal National Party, wapinzani wakuu wa Labor) walichukua 78, chama kidogo cha Katter 2, na wagombea huru 2. Wazee wa huku wakakumbushana mwaka 1974, chama hichohicho kilipobaki na wabunge 11 wakaitwa timu ya kriketi. Safari hii walisema wabunge wote wanatosha kwenye Tarago moja, ile Toyota ya kubebea familia.

Aliyekuwa Waziri Kiongozi, Anna Bligh, alijiuzulu kesho yake, uongozi na ubunge kwa pamoja. (Natumia "Waziri Kiongozi" kama walivyokuwa wakisema Zanzibar kabla ya 2010, maana mkuu wa serikali ya jimbo huku si Waziri Mkuu wa nchi.) Mawaziri wengi walikuwa wameanguka. Tarehe 28 Machi, Annastacia Palaszczuk, jina hilo hutamkwa Palashei, akachukua uongozi wa chama bila mpinzani. Ilikuwa kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiigombania.

Ni nani huyu? Amezaliwa 1969. Baba yake, Henry, alizaliwa Ujerumani baada ya vita kuu ya pili, wazazi wake Wapolandi, familia ikahamia Australia. Henry akaja kuwa mbunge kuanzia 1984 na baadaye waziri. Alipostaafu 2006, binti akagombea kiti cha Inala na kukishinda. Kwa hiyo ndiyo, alirithi kiti cha baba, na watu walimsema kwa hilo. Mwaka 2009 akawa waziri wa huduma za watu wenye ulemavu, na 2011 akapewa uchukuzi.

Inala yenyewe mniruhusu niieleze kidogo. Ni kitongoji kilichojengwa baada ya vita, nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini. Baadaye wakaja Wavietnam, na mpaka leo ukienda pale sokoni Jumamosi asubuhi unakuta mabeseni ya samaki, matembele, mchaichai, bamia na papai mbichi, akina mama wa Kivietnam wanakupimia kwa mkono bila kukuuliza unatoka wapi. Mke wangu alipopata matembele pale kwa mara ya kwanza alisimama akiyashika tu. Mwanasiasa aliyekulia maeneo hayo anajua kuongea na mtu ambaye Kiingereza kinamsumbua. Niliona kwa macho yangu: alikuja kwenye sherehe ya jamii ya Waburundi akiwa KUB (Kiongozi wa Upinzani Bungeni), bila msafara, akakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka ngoma zikaisha.

Sasa kazi yenyewe. Queensland haina seneti yake. Baraza la pili lilifutwa mwaka 1922. Serikali yenye wingi bungeni inapitisha inachotaka kabla jua halijachwa. Kinachobaki ni maswali ya bungeni, kamati, na vikao vya kila mwaka vya makadirio ya bajeti, ambapo waziri anakaa na maofisa wake na anaulizwa fungu kwa fungu. Watu saba ndio waliotakiwa kuwa mawaziri vivuli wa wizara zote. Kila mmoja alibeba wizara kadhaa kwa wakati mmoja. Na kiidadi hawakufika hata wabunge 10 wanaohitajika ili chama kitambuliwe rasmi bungeni. Ilibidi serikali mpya ikubali yenyewe kuwapa ofisi na nyenzo za upinzani.

Niliwahi kwenda kukaa roshani ya wageni bungeni, pale mtaa wa George, mwaka 2013. Wabunge wa serikali walikuwa wengi mpaka wamevuka wamekaa na upande wa pili. Upinzani ulikuwa kipande kidogo tu cha benchi. Palaszczuk alisimama kuuliza swali, makelele yakamfunika, Spika akatuliza, akaliuliza tena lilelile kuanzia neno la kwanza, kwa sauti ileile. Hana sauti ya kunguruma. Nilitoka pale nikiwa nimebadilika jinsi ninavyomtazama.

Nitaendelea chini, nimalizie zamu kwanza.

---

kibuyu_tupu

Mkuu, shukrani kwa mada. Lakini mbona umeanza na yeye tu? Aliyekuwa madarakani alikuwa nani na alifanya nini? Huwezi kupima mpinzani bila kumjua anayepingwa.

---

MsafiriKusini

Sahihi kabisa kibuyu. Anaitwa Campbell Newman. Alikuwa mwanajeshi na mhandisi, kisha meya wa Brisbane tangu 2004. Mwaka 2011 LNP walifanya jambo geni: walimweka kuwa kiongozi wa chama akiwa nje ya bunge, halafu akagombea kiti cha Ashgrove na kumwangusha Kate Jones wa Labor, aliyewahi kuwa waziri. Mtu mchapakazi, barabara na mahandaki ya Brisbane yana alama yake.

Alipoingia alisema jimbo lina madeni makubwa. Akapunguza ajira za serikali zipatazo 14,000. Jirani yangu, mama wa Kisamoa, alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali. Aliitwa siku ya Ijumaa, akarudi na kisanduku chenye kikombe chake, picha za wajukuu na ua la kwenye chungu. Lile ua alilipanda mbele ya nyumba. Hakuwa mtu wa siasa hata kidogo, ila tangu siku hiyo akawa anasikiliza taarifa ya habari redio ikiwa juu.

Halafu zikafuata nyingine. Sheria kali dhidi ya magenge ya pikipiki 2013. Novemba mwaka huohuo, kamati nzima ya bunge iliyosimamia chombo cha kupambana na rushwa ilivunjwa kwa kura za wingi, ilipokuwa inamhoji kaimu mkuu wa chombo hicho. Kwa watu wa Queensland hilo ni kidonda. Jimbo hili lilitawaliwa na Joh Bjelke-Petersen kuanzia 1968 hadi 1987, na Tume ya Fitzgerald ilipochimba, ikakuta rushwa imefika mpaka kwa kamishna wa polisi. Chombo kile kilizaliwa kutokana na tume hiyo. Mwaka 2014 madaktari wa hospitali za umma wakagombana na serikali juu ya mikataba, na uteuzi wa Jaji Mkuu Tim Carmody ukawagawa wanasheria wote.

Kila mahali palipowaka moto, wale saba walikuwa wanafika. Hawakuwa na uwezo wa kuzuia muswada hata mmoja. Walichokuwa nacho ni kuandika, kuuliza, kufika.

---

MwalimuMstaafu

Nimesoma kwa makini. Naomba nitofautiane kwa heshima. Kwa maelezo yako mwenyewe, huyu bwana Newman alijiangusha mwenyewe. Kama serikali inagombana na makarani, madaktari, majaji na wapanda pikipiki ndani ya miaka mitatu, hata mti ungesimamishwa kugombea ungeshinda. Sifa ya mama huyu iko wapi hasa? Nimefundisha uraia miaka 31, na jambo ambalo nimekuwa nikiwaonya vijana ni kumpa mshindi sifa za mambo yaliyotokea tu.

---

DadaWaPwani

Mwalimu ana hoja. Na mimi naongeza la kwangu: Labor si ndiyo iliyouza mali za umma kabla ya 2012? Nimesoma mahali kwamba reli ya mizigo ya makaa ya mawe iliuzwa wakati wa Bligh. Huyu Palaszczuk alikuwa waziri kwenye serikali hiyo. Alikuja vipi kusimama mbele ya watu na kusema "mali zenu haziuzwi"?

---

MsafiriKusini

Mwalimu shikamoo, na dada asante. Haya ndiyo maswali niliyoyataka.

Nianze na la dada kwa sababu ndilo zito. Ni kweli. Baada ya uchaguzi wa 2009 serikali ya Bligh ilitangaza kuuza mali, mambo ambayo haikuyasema kwenye kampeni: reli ya makaa, bandari ya Brisbane, barabara za kulipia, misitu ya kupandwa. Wapiga kura hawakusahau, na hicho ni chanzo kikubwa cha kipigo cha 2012. Palaszczuk alikuwa ndani ya baraza la mawaziri. Siwezi kumsafisha kwa hilo na sitajaribu.

Ila tazama alichofanya. Hakusema 2012 wananchi walidanganywa au walikosea. Alizunguka akikiri kwamba chama kimeadhibiwa kwa sababu hakikusikiliza, na akaifanya adhabu hiyo kuwa sera. Newman alipokuja na mpango wa kukodisha bandari na mitambo ya umeme kwa muda mrefu, kwa thamani ya karibu dola bilioni 37, yeye akasema hapana moja, wala hakuitafutia nyongeza. Mtu aliyeungua kwa moto uleule ndiye aliyejua unachoma wapi. Wapo wanaoona huo ni ugeugeu. Mimi naona ni mtu aliyefundishika, na hao kwenye siasa ni wachache mno.

Mwalimu, la kwako. Ni kweli Newman alijichimbia. Lakini serikali inapojichimbia, lazima pawe na mahali watu wanaweza kwenda. Mwaka 2012 Labor haikuwa mahali pa kwenda. Watu waliichukia. Angalia chaguzi ndogo mbili za 2014: Redcliffe mwezi Februari, Stafford mwezi Julai. Stafford ndiyo inanifurahisha zaidi. Mbunge wa LNP pale, Chris Davis, ni daktari, alijiuzulu baada ya kutofautiana na serikali yake. Labor wangeweza kumsimamisha mtu wa chama, kada wa siku nyingi. Wakamsimamisha Anthony Lynham, daktari bingwa wa upasuaji wa taya na uso. Katika mwaka ambao madaktari wanagombana na serikali! Kura zikahama karibu asilimia 19. Saba wakawa tisa. Mti hausimamishi mgombea wa namna hiyo, mwalimu.

---

Mkongo_Logan

Ndugu zangu, mimi niko Logan, nilikuwa hapa wakati ule. Ninakumbuka siku ya kura, 31 Januari 2015. Joto lilikuwa la kuua. Uchaguzi uliitishwa ghafla mwanzoni mwa Januari, watoto bado wako likizo, watu wako pwani. Tulipiga kura kwenye shule ya msingi, nje kuna wazazi wanachoma soseji wanauza na mkate ili shule ipate pesa, ndiyo desturi yao hapa. Ilikuwa kura yangu ya kwanza katika maisha yangu yote. Nilikuwa na miaka 43. Nilishika penseli, mkono ukatetemeka, nikasimama pale kibandani mpaka mama msimamizi akaniuliza kama niko salama.

Lakini kuna jambo sikulielewa mpaka leo. Watu nje walikuwa wanagawa vikaratasi wakisema "jaza namba zote." Kwa nini?

---

MsafiriKusini

Kaka, umenigusa na hiyo kura ya kwanza.

Hapo kwenye namba ndipo palipokuwa na kazi ya chini kwa chini. Queensland hupigi tiki. Unapanga wagombea kwa namba: wa kwanza 1, wa pili 2, na kuendelea. Mgombea wa mwisho akitolewa, karatasi zake zinahamia kwa aliyeandikiwa namba inayofuata. Lakini wakati ule haikuwa lazima ujaze zote; ukitaka unaandika 1 peke yake na kura yako ni halali. Miaka mingi watu walizoea kuandika 1 tu. Sasa mwenye kumpenda mgombea wa Greens, chama kidogo cha watetezi wa mazingira, akiandika 1 kwake halafu akaacha, Greens akitolewa ile karatasi inakufa.

Vyama vya wafanyakazi, mafundi umeme, wauguzi, zimamoto, wakasimama kwenye milango ya vituo na ujumbe mmoja: jaza namba zote, na LNP mweke mwisho. Wakaeleweka. Karatasi ambazo 2012 zingekufa, 2015 zikahamia Labor. Wachambuzi wengi walikuwa wamefanya hesabu zao kwa mtindo wa 2012, na ndiyo maana usiku ule walishangaa. (Mwaka uliofuata, 2016, sheria ikabadilishwa ikawa lazima kujaza zote. LNP walilalamika sana, na nadhani walikuwa na haki ya kulalamikia namna ilivyofanywa, jioni moja bungeni bila kamati kuijadili. Kosa lilelile ambalo Palaszczuk alikuwa akilipigia kelele akiwa KUB. Nalisema kwa sababu linaniuma.)

---

kibuyu_tupu

Sasa tupe matokeo mkuu, umetuweka roho juu.

---

MsafiriKusini

Labor 44, LNP 42, Katter 2, na Peter Wellington, mbunge huru wa Nicklin. Jumla 89. Wa kuunda serikali alihitaji 45.

Usiku ule Newman alipoteza kiti chake mwenyewe cha Ashgrove. Aliyemshinda ni Kate Jones, yuleyule ambaye Newman alimwangusha 2012. Akakubali matokeo na kuaga siasa jukwaani.

Kisha siku za kungoja. Wellington akasema ataiunga mkono Labor. Baadaye akawa Spika. Halafu likazuka la Ferny Grove: mgombea wa chama kidogo aligundulika kuwa alikuwa mufilisi kisheria, hakustahili kugombea, na Labor ilishinda kiti hicho kwa kura chache. Palikuwa na mazungumzo ya kurudia uchaguzi pale, na kiti hicho kimoja kingeweza kugeuza kila kitu. Mwishowe tume ya uchaguzi haikwenda mahakamani, na tarehe 14 Februari gavana Paul de Jersey akamwapisha Palaszczuk. Katika majimbo ya Australia (ukiacha yale maeneo mawili, Canberra na Northern Territory), hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kukitoa chama upinzani na kukiingiza serikalini kabla yake. Baraza lake la mawaziri 14 lilikuwa na wanawake 8. Mmoja wao, Leeanne Enoch, alikuwa mwanamke wa kwanza wa jamii ya wenyeji wa asili kuchaguliwa kwenye bunge hilo.

Ile asubuhi mama wa Kisamoa aligonga mlango wangu akiwa na sahani ya maandazi yao, ile ya duara. Hakusema kitu kuhusu siasa. Alisema tu, "kuleni na watoto."

---

DadaWaPwani

Nimesoma kwamba Palaszczuk karibu aharibu kila kitu mwishoni mwa kampeni kwa swali la kodi. Kweli?

---

MsafiriKusini

Kweli dada. Mwishoni mwa kampeni aliulizwa redioni kiwango cha GST, ile kodi ya mauzo. Ni asilimia 10, kila muuza duka anajua. Akakwama. Nilikuwa nasikiliza nikiwa garini, nikapiga usukani. Wapinzani wake waliisambaza kila mahali. Ila nadhani watu walikuwa wameshaamua, na waliokuwa wamemwona miaka mitatu akifika kwenye kumbi zao hawakuona kwamba ni mtu wa kuangushwa na sekunde kumi za redio.

---

MwalimuMstaafu

Marahaba kijana. Kuhusu Stafford nimekubali. Ile ya daktari ni kazi ya mtu anayefikiri. Lakini bado unamzungumzia miaka mitatu tu. Akiwa madarakani ilikuwaje? Mtu apimwe kwa safari nzima.

---

MsafiriKusini

Kwa kifupi mwalimu, kwa kuwa huo ni uzi mwingine. Alishinda tena 2017, viti 48 kati ya 93 (bunge liliongezwa), na 2020 kwa viti 52, wakati wa korona, mipaka ya jimbo ikiwa imefungwa. Kiongozi wa upinzani 2020 alikuwa Deb Frecklington, kwa hiyo wanawake wawili walishindania uongozi wa jimbo. Baadaye mambo yakalegea: hospitali kuelemewa, uhalifu wa vijana, kodi za nyumba kupanda. Hapa Inala kodi ya nyumba ya vyumba vitatu ilinifanya nihesabu kila senti. Watu wakaanza kusema amechoka, na nilikuwa mmoja wao. Desemba 2023 akajiuzulu, Steven Miles akashika nafasi. Uchaguzi mdogo wa Inala wa Machi 2024 Labor walikihifadhi kiti, lakini kura nyingi mno ziliwahama kwenye ngome yao wenyewe.

Oktoba 2024 LNP wakarudi kwa viti 52, Labor 36. Na aliyewarudisha ni David Crisafulli, mtoto wa wakulima wa miwa kutoka Ingham, aliyekuwa waziri wa Newman. Usiku ule wa Januari 2015 alipoteza kiti chake cha Mundingburra. Akaondoka kaskazini akahamia Gold Coast, akaanza upya, akarudi bungeni 2017, akawa KUB Novemba 2020, akakaa upinzani miaka minne.

---

Mkongo_Logan

Huyo naye tuletee habari yake ndugu. Watu wa hapa wanamsema vizuri na vibaya, mimi nataka kujua alifanya nini kwenye ile miaka minne.

---

MsafiriKusini

Nitaleta kaka. Wiki hii niko zamu za usiku mpaka Jumamosi. Jumapili baada ya kanisa nitakaa niandike, nianzie na vikao vyake vya makadirio.